Ugonjwa wa Mwanafunzi Uandikwe Kabla Haujamwangusha

Mzazi anapompeleka mtoto kuandikishwa darasa la kwanza, iwe Kibiti mjini, Bungu au Mbwera, huulizwa jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, kijiji na namba ya simu. Ni nadra kuulizwa mtoto huyu anaumwa nini na anatumia dawa gani. Sekondari kuna unafuu kidogo, kwa kuwa maelekezo ya kujiunga na kidato cha kwanza huja na fomu ya uchunguzi wa afya ambayo daktari huijaza na kuigonga muhuri. Lakini fomu ikishapokelewa huingia kwenye jalada, jalada likaingia kabatini, na mwalimu wa darasa, ambaye ndiye atakayekuwa mbele ya mtoto siku akianguka, haioni kamwe. Makala hii inawahusu wazazi, walimu na wajumbe wa kamati za shule wa ukanda huu, na ina hoja moja: dawa nyingi za watoto wetu hazina haja ya kufika shuleni, ila taarifa za ugonjwa wao lazima zifike. Tumezoea kufanya kinyume. Tunamtia mtoto vidonge mfukoni mwa kaptula, halafu tunamficha mwalimu sababu ya vidonge hivyo.

Tuanze na dawa zenyewe, maana hapo ndipo hofu ya walimu ilipo. Chukua malaria, ambayo huku pwani haina mgeni. Dawa mseto ya ALu, ambayo Tanzania ilianza kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2006, ina dozi sita kwa siku tatu: ya kwanza kipimo kinapoonyesha vimelea, ya pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni hadi ziishe. Mtoto aliyepimwa zahanati saa nne asubuhi atameza dozi ya pili saa kumi na mbili jioni, na zote zinazobaki atazimezea nyumbani, ikiwezekana pamoja na chakula chenye mafuta, na wali wa nazi unatosha kabisa. Dawa za VVU kwa watoto wengi siku hizi humezwa mara moja kwa siku. Fenobabitoni ya kifafa kwa kawaida humezwa mara moja, usiku. Hata dawa iliyoandikwa mara tatu kwa siku mara nyingi inaweza kupangwa alfajiri, mtoto anaporudi alasiri, na kabla ya kulala. Kwa hiyo mzazi akiwa bado dirishani kwa mtoa dawa, aulize swali moja: dozi hii naweza kuipanga asiitumie akiwa darasani? Mara nyingi jibu ni ndiyo, na tatizo la nani amtunzie dawa shuleni huwa limekwisha kabla halijaanza.

Swali hilo lina faida ya pili. Tazama ile bahasha ndogo ya karatasi ambayo vidonge huwekwa zahanati au duka la dawa muhimu. Imeandikwa kwa peni 1 x 3, au 2 x 2, na pengine jina la dawa limefupishwa au halipo. Mzazi aliyeelezwa kwa mdomo anajua maana yake ni kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Mwalimu aliyeletewa bahasha hiyo na mtoto wa miaka saba anaweza kusoma vidonge vitatu kwa mpigo. Na kuna hali mbaya zaidi ya hiyo: vidonge vilivyochomolewa kwenye bahasha vikafungwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari, havina jina la dawa wala la mtoto. Msimamo wangu hapo ni mkali. Mwalimu asipokee dawa isiyo kwenye pakiti au bahasha yake, yenye jina la mtoto, jina la dawa, kipimo na tarehe, na asiipokee mkononi mwa mtoto mdogo. Mzazi aje mwenyewe, au amtume mtu mzima.

Atatokea mtu aseme kwamba nyumbani nako hakutabiriki. Ni kweli, na delta ya Rufiji inalijua jambo hilo kuliko mahali pengi. Msimu wa kulinda mpunga ukifika, wazazi huhamia madunguni wiki nyingi kuwafukuza ndege na nguruwe, na wavuvi nao huenda dago, yaani kwenye kambi za uvuvi. Watoto hubaki na bibi ambaye pengine haoni maandishi ya bahasha. Wanafunzi wa sekondari waliotoka visiwani wakapanga mageto karibu na shule hawana hata bibi: wanapika wenyewe, wanalala wenyewe, na dozi ya usiku wanaikumbuka au wanaisahau wenyewe. Lakini hali hii haidai shule igeuke duka la dawa. Inadai shule ijue. Mwalimu anayefahamu kwamba mtoto fulani yuko siku ya pili ya ALu atamuuliza kesho asubuhi kama amemeza, kwa sababu homa hushuka kabla dozi haijaisha na hapo ndipo familia nyingi huacha. Mwalimu anayejua kwamba msichana wa geto anatumia dawa ya kifafa anaweza kukubaliana naye na mzazi wake kwamba dawa ya wiki itunzwe kwa mwalimu wa malezi, na binti apite kwake kila jioni. Msaada huo hauwezekani kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeutaja.

Zinabaki dawa chache ambazo hazina budi kuwa shuleni, na hizi zina kanuni yake: zikihitajika, huhitajika sasa hivi. Ya kwanza ni pampu ya pumu, ile ambayo wengine huiita inhela. Shule nyingi zikipewa pampu huifungia kabatini, ufunguo ukae kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu yuko kwenye kikao Kibiti. Kufuli linafaa kwa vidonge. Kwa pampu ni hatari. Mtoto mwenye umri wa kuelewa akae nayo mwenyewe kwenye mkoba, na mdogo atunziwe na mwalimu wa darasa, ndani ya darasa, si kwenye jengo jingine. Wengi hawaitumii ipasavyo, kwani dawa inapopulizwa moja kwa moja mdomoni sehemu kubwa huishia kwenye ulimi na koo. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa pampu, hufanya kazi sawa na kile chombo maalumu cha kiwandani kwa watoto wenye pumu. Chupa za maji za ukubwa huo zimetupwa kila kona ya stendi ya Kibiti. Ioshwe, ikauke, itobolewe kwa waya wa moto mpaka pampu iingie bila kuvujisha. Pampu itikiswe, ibonyezwe mara moja, mtoto apumue taratibu kupitia mdomo wa chupa mara tano au sita, kisha irudiwe kwa idadi aliyoandikiwa na daktari. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikibadilika rangi, safari ya zahanati ianze huku akiendelea kuvuta dawa.

Ya pili ni insulini ya mtoto mwenye kisukari. Hapa joto la pwani huwatisha watu mpaka baadhi ya wazazi huona bora mtoto asisome. Utafiti wa Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa mwaka 2021, ulipima joto halisi la nyumba katika kambi ya Dagahaley kule Dadaab, Kenya, ambako si baridi hata kidogo, ukaonyesha kwamba insulini inayotumika inaweza kukaa wiki nne kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 bila kupoteza nguvu. Mtungi wa udongo uliowekwa kivulini, wenye mchanga uliolowa na chombo kikavu cha kuwekea dawa ndani yake, unatosha kuizuia isipite hapo. Pasipofaa ni juu ya kabati lililogusana na bati, au dirishani kwenye jua. Na kuna hatari moja ya kwetu wenyewe: barafu ya wachuuzi wa kamba. Mtu mwenye nia njema anaweza kuitupia chupa ya insulini ndani ya deli la samaki ili ipoe. Insulini ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana kama kawaida. Pamoja na insulini iwepo sukari, maana shuleni balaa la kisukari mara nyingi ni sukari kushuka. Mtoto hutoka jasho, hutetemeka, huwa mkali au huongea asiyoyaelewa, na mwalimu asiyejua humwona mtovu wa nidhamu akamtoa nje. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji kidogo, kisha chakula, humrudisha ndani ya dakika kumi au kumi na tano. Akiwa amezimia asitiwe chochote mdomoni, aondoke kwenda hospitali mara moja.

Kifafa, ingawa dawa yake humezwa nyumbani, kinastahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu ya maji. Mwaka 2008 watafiti wa Uingereza walikadiria kwamba mtu mwenye kifafa yuko kwenye hatari ya kufa maji mara 15 hadi 19 zaidi ya mtu mwingine. Hayo ni makadirio ya watu wanaooga bafuni na kuogelea kwenye mabwawa yenye walinzi. Mtoto wa delta anavuka kwa mtumbwi kwenda shule, anachota maji mtoni, anaoga mtoni, na mto huo una mamba. Hapo dawa ya usiku pekee haitoshi. Lazima mwalimu, nahodha na wenzake wa mtumbwi mmoja wajue akae katikati na si ukingoni, akae na mtu mzima, avae boya, na asitumwe maji peke yake wala asipangwe kukoka moto wa uji. Akianguka darasani, alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe, kitu laini kiwekwe chini ya kichwa, na mtu mmoja atazame saa ya simu. Asishikwe kwa nguvu. Asitiwe kijiko wala kipande cha mti mdomoni, maana kazi yake ni kuvunja meno tu. Povu lake haliambukizi, wala hewa inayomtoka haiambukizi, na walimu waliseme jambo hili kwa sauti mbele ya darasa zima, maana kuna watoto wameangukia moto wakaungua huku wenzao wakiogopa kuwagusa. Hali hiyo ikizidi dakika tano, au akianguka tena kabla hajapata fahamu, hiyo ni dharura. Ikiisha mapema aachwe alale, kisha arudi darasani. Utafiti kutoka wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulionyesha kwamba takriban watu wazima wawili kati ya watatu wenye kifafa hawakuwa kwenye dawa. Hapo shule inaweza kusaidia: mwalimu anayeandika tarehe na dakika za kila tukio humpa mtabibu ushahidi ambao bibi hawezi kuutoa, kwa kuwa yeye hakuwapo.

Selimundu haina mshindo kama kifafa, na ndiyo maana hupita machoni petu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu. Makadirio yanayotumika sana ni kama 11,000 kila mwaka. Kliniki ya Muhimbili iliyoanza kufuatilia wagonjwa hao mwaka 2004, chini ya Profesa Julie Makani na wenzake, imeonyesha kwamba uangalizi wa kawaida kabisa huokoa maisha. Shuleni uangalizi huo hauhitaji sindano. Mtoto aruhusiwe chupa ya maji mezani na aruhusiwe kwenda chooni bila kuomba mara tatu. Asikimbizwe mchakamchaka wa alfajiri mpaka apoteze pumzi, asibebeshwe ndoo, asinyeshewe mvua ya masika akiwa paredi. Akichelewa kwa sababu miguu iliuma usiku kucha, fimbo haimsaidii. Homa kwake ni jambo jingine kabisa: ikifika nyuzi 38 apelekwe kwa mtabibu siku hiyo hiyo, si kupewa Panadol na kulazwa kwenye benchi. Na hapa niseme neno kuhusu Panadol za droo ya mwalimu. Nia ni njema, lakini homa ikishushwa saa tatu asubuhi bila kipimo, mtoto huonekana mzima mpaka saa za kurudi nyumbani, na malaria imepata siku ya bure. Kipimajoto kimoja kina thamani kuliko kopo zima la Panadol.

Sasa tufike kwenye lile ambalo mwongozo ulioandikwa kwa shule za mjini hauwezi kulitaja: bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea kwa takriban dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, kijito kilichopitisha boti maji yakiwa yamejaa kinaweza kuwa tope tupu baada ya saa chache. Kwa hiyo kuandika kwenye karatasi kwamba mtoto akizidiwa apelekwe zahanati si mpango. Mpango unasema maji yakijaa tunapita wapi, yakipwa tunapita wapi, nani ana boti yenye injini, nani hutunza petroli, na nani yuko upande wa pili na pikipiki akitusubiri kwenye gati la Nyamisati. Unasema simu inashika mtandao mahali gani, maana kuna vijiji ambavyo mtu hupiga simu akiwa amesimama chini ya mti mmoja tu. Unasema pia kamati ya shule itamlipa nani na kwa fungu gani, ili nahodha asianze kujadiliana bei huku mtoto anatapatapa. Shule za barabarani, Bungu au Mchukwi, ambako kuna hospitali ya misheni, zina kazi nyepesi zaidi. Zenyewe zinahitaji tu namba za madereva wawili wa bodaboda na mtu mwenye gari. Shule za Kiongoroni, Salale, Msala na Maparoni hazina anasa hiyo, na mpango wao usipoandikwa mapema hautatungwa vizuri katikati ya kelele.

Vyote hivi, dawa, dalili na njia ya kutokea, vinaingia kwenye ukurasa mmoja kwa kila mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu, ndani ya daftari moja la shule. Mzazi aje na daftari la hospitali la mtoto, mwalimu wa afya anakili, mtaalamu wa zahanati apitie na kuweka saini. Ziandikwe namba mbili za simu, ya mzazi na ya mtu mzima anayebaki kijijini mzazi akiwa dunguni. Nakala moja ikae kwa mwalimu wa darasa na nyingine zahanati, ndani ya mfuko wa plastiki. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyovizingira vijiji vya Rufiji na Kibiti yalichukua makaratasi pamoja na magodoro. Mwalimu akihamishwa, na walimu wa huku huhamishwa sana, amkabidhi anayempokea daftari hilo kama anavyokabidhi vitabu.

Pingamizi ninalolisikia kuliko mengine ni kwamba mwalimu si mganga. Sawa, lakini kila mwaka kwenye ugawaji wa kingatiba ni mwalimu huyo huyo anayewapanga watoto mstari, anayewasimamisha kwenye kijiti cha kupimia kimo ili ajue idadi ya vidonge vya prazikwanteli vya kichocho, anayewapa albendazoli ya minyoo na kuandika majina. Amekuwa mtoa dawa miaka yote hii. Kinachokosekana ni taarifa, na kukosekana kwake kuna gharama: mwanafunzi mwenye historia ya kifafa anatakiwa kuonwa na mtaalamu kabla ya kumeza prazikwanteli, na mwalimu asiye na daftari hana njia ya kumjua katikati ya mstari wa watoto mia nne. Morogoro mwaka 2008 tuliona upande wa pili wa jambo hili. Vidonge hivyo hivyo vilitolewa shuleni, baadhi ya watoto wakiwa na njaa, wazazi hawakuelezwa vya kutosha, tumbo na kizunguzungu vikaanza, na wazazi wakavamia shule kwa hasira mpaka zoezi likasimama. Wengine huchukua kisa hicho kama sababu ya kuweka dawa mbali na shule. Mimi nakisoma tofauti: wazazi walipigana kwa sababu habari ziliwafikia baada ya vidonge.

Malawi walikwenda mbali zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, walimu wa wilaya ya Mangochi walipewa vifurushi vya dawa ili watibu malaria shuleni, na vifo vya wanafunzi vikaripotiwa kushuka kutoka 2.2 hadi 1.44 kwa kila wanafunzi 1,000 kwa mwaka. Ulikuwa ulinganisho wa kabla na baada, si jaribio lenye shule za kulinganishia, na jaribio la namna hiyo lililofanyika baadaye kule Zomba halikuona utoro ukipungua. Nayataja yote mawili kwa makusudi. Walimu wanaweza, hilo halina ubishi. Lakini kuifanya shule zahanati hakuleti kila kinachoahidiwa, na ndiyo maana ninaishia kwenye daftari, pampu, sukari na njia ya boti.

Wapo walimu wanaoogopa lawama: nikimpa mtoto dawa akafa, nitasimama mahakamani peke yangu. Hofu hiyo ni ya haki, ila ielekezwe panapostahili. Mwalimu anayetoa Panadol bila kuandika popote ndiye aliye uchi. Mwenye ukurasa uliosainiwa na mzazi na mtaalamu, akaandika saa aliyotoa dawa na kipimo chake mbele ya shahidi, ametekeleza alichoagizwa. Uingereza walilitatua kwa sheria ya mwaka 2014 inayozitaka shule za serikali kuwa na utaratibu wa kuwasaidia wanafunzi wagonjwa, na mwaka huo huo shule ziliruhusiwa kuwa na pampu ya akiba ya pumu. Wanaoitumia ni walimu na watumishi wa kawaida waliofundishwa. Kwetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika maamuzi yanayomhusu. Halmashauri isisubiri waraka kutoka Dodoma ili kutoa fomu ya ukurasa mmoja.

Siri ni pingamizi zito zaidi, na hapa nakubaliana na wazazi kuliko na walimu. Maneno ya ofisi ya walimu hutembea hadi gatini. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya hali ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti. Kwa hiyo ukurasa si lazima utaje kila kitu. Mtoto anayeishi na VVU, mwenye afya njema, anayemeza dawa nyumbani, hana dharura ya shuleni inayomhitaji mwalimu ajue. Inatosha iandikwe kwamba ana kliniki tarehe fulani na aruhusiwe bila kuhojiwa. Kifafa, pumu, kisukari na selimundu ni tofauti, maana siri yake humuua mtoto mbele ya watu wasiojua wafanye nini. Kipimo changu ni hicho: kiandikwe kile ambacho mtu aliye karibu atakihitaji ndani ya dakika kumi, kingine kibaki kwa mzazi.

Kuhusu imani kwamba kifafa ni shetani au majini sitaki mabishano marefu. Familia nyingi za delta zitakwenda kwa mganga kwanza au baadaye, na mwalimu anayewakejeli atanyimwa habari. Pia kuna siku wasichana kumi huanguka kwa pamoja wakipiga kelele, na hilo si kifafa. Shule haihitaji kumshinda mganga. Yeyote aliyeanguka alazwe ubavu na wenzake waondolewe. Anayeanguka mara kwa mara akiwa peke yake aende hospitali, hata kama ameshafungwa hirizi. Mzazi anayeamini ni jini bado hataki mwanawe azame.

Fedha si kikwazo kikubwa. Daftari, kipimajoto, kilo ya sukari na chupa zilizookotwa havihitaji bajeti ya wizara. Wataalamu nao hufika shuleni tayari: chanjo ya saratani ya shingo ya kizazi kwa wasichana, iliyoenea nchi nzima kuanzia mwaka 2018, huwaleta wauguzi hadi mlangoni, na siku hiyo hiyo wanaweza kukaa nusu saa na mwalimu wa afya kupitia kurasa. Kikwazo halisi ni mzazi anayenyamaza kwa sababu amewahi kusikia mtoto wa jirani akiambiwa akae nyumbani mpaka apone kifafa. Kwa hiyo, ndugu mwalimu mkuu, kabla hujaomba taarifa hata moja, simama kwenye kikao cha wazazi pamoja na mwenyekiti wa kamati yako, mtamke na iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao: hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa kilichoandikwa katika daftari hili.